Upande Huu wa Kamba

"Mama Ngalula, tia sukari mingi, kifua yangu iko nalia," Mechack alisema, akacheka, na kikohozi kikamkata kicheko katikati.

Mama Ngalula hakugusa sukari. Aliinua mwiko kutoka kwenye sufuria ya bouillie, akaacha uji udondoke, akasikiliza. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiuza uji na mikate ya mafuta hapa, kwenye njia ya wachimbaji nje kidogo ya Kolwezi, na masikio yake yalivijua vifua vya wateja wake kama mwashi anavyojua tofali bichi na lililoiva. Kikohozi cha vumbi hubisha hodi, kikapita. Hiki cha Mechack kilikuwa kimekwisha kuingia ndani, kimepanga chumba na kutandika kitanda.

Hatua nne mbele ya meza yake ilipita kamba ya njano, imefungwa kwenye nguzo mbili. Ng'ambo ya kamba kulikuwa na mashimo. Hakuna mwanamke aliyeivuka. Wachimbaji husema mwanamke akikaribia shimo madini yanakimbia, na Mama Ngalula, binti wa mtu aliyeletwa na gari la moshi kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba, hakuona haja ya kubishana nao. Walimfuata wao. Kila alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, watu arobaini walikunywa kwenye vikombe vyake kumi na viwili, vyeupe, vyenye mdomo wa buluu, na kila kikombe alikichovya katika maji yanayochemka kabla hakijashikwa na mtu wa pili. Nani mwingine kwenye njia ile alifanya hivyo? Hakuwako.

"Dawa unakunywa?" alimuuliza Mechack kwa sauti ya chini.

Kijana aligeuka kwanza kuona nani anasikia. "Nilikunywa juma tatu tu, nikaacha, Mama. Centre ya afya inafungua saa mbili. Saa mbili mi niko chini, metre makumi tatu. Nikichelewa, PDG anaweka mutu mwingine."

PDG, ndivyo wachimbaji wanavyomwita mwenye shimo. Wa kwao aliitwa Tshiamala, mtu wa mabega mapana na maneno machache, na sasa alikuwa anawajia na buti zake za mpira.

"Mechack! Ile ni vumbi tu. Kesho vendredi, utakunywa maziwa, kifua itasafika."

Kila Ijumaa Tshiamala aligawa maziwa, kila mtu pakiti yake, kwa maana wazee wote wa mashimo walijua kwamba maziwa huosha vumbi la kifuani. Alikuwa mwema kwa namna hiyo. Si kila PDG alitoa hata maji. Mama Ngalula naye aliwahi kuyaamini maziwa. Aliyanywa miezi mitano, na mwili wake ukaendelea kupungua mpaka pete ya ndoa ikamtoka kidoleni alipokuwa anakanda unga.

Jambo hilo hakuna mchimbaji aliyelijua. Miaka minne iliyopita alikunja turubai lake, akaaga kwamba anakwenda Lubudi kumsaidia dada yake kulima. Ni kweli alilima, lakini katika mwezi wa tano na wa sita. Miezi minne ya kwanza alilala kwenye chumba cha dada yake akitibiwa kifua kikuu, akimeza vidonge vyekundu na kukojoa maji ya rangi ya Fanta. Aliporudi amenenepa, wateja waliisifu mihogo ya Lubudi, naye akawaachia mihogo ipate sifa.

Mechack alirudisha kikombe bila kukimaliza. Karibu na nguzo aliinama, akakohoa tena, kisha akasukuma mchanga kwa kiatu kufunika kitu. Alipokwisha kuteremka shimoni, Mama Ngalula alikwenda pale, akafukua kwa ncha ya kijiti. Mchanga ulikuwa mwekundu.

*

Mchana ule ule waliopona kifua kikuu walikutana katika darasa lililo nyuma ya parokia. Walikuwa kumi na tisa, Mama Ngalula akiwa mmoja wao, na chama chao walikiita Vifua Vizima. Tata Badibanga, karani wa reli aliyestaafu, aliketi mbele, kravate yake ya kijani shingoni, daftari la shule likiwa mapajani. Wote katika chumba kile waliwahi kuonekana maiti. Sasa walikuwa wanabishania viti.

Daftari lile lilikuwa fahari yao. Kituo cha afya kilikuwa kimeandika wachimbaji kumi na mmoja kuwa wameacha dawa, kana kwamba ni watu wasiopenda maisha. Tata Badibanga aliwafuata mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Tisa walimpa jibu lile lile: kituo kinafunguliwa sisi tukiwa chini. Akaandika majibu kwa wino, akayapeleka kwa daktari mkuu wa zone ya afya, na waliokuwako siku ile hawakuchoka kusimulia alivyosema, "Docteur, hatukuya kulia hapa. Tumekuletea majibu." Daktari alisoma kurasa zote. Akakubali dawa zitoke kituoni, zikatolewe pale pale penye mashimo, kwa masharti mawili: azitoe mtu aliyepona, na mwenye shimo asimzuie.

"Dawa ya Mechack iko hapa," alisema muuguzi Lukusa, akaweka kisanduku cha bati mezani. "Kama harudie kunywa mu hizi siku..."

"Mi nilienda kwa Tshiamala," alisema Tata Badibanga. "Aliangalia kravate, akaniuliza kama niko nauza Biblia."

Walicheka. Kicheko kilipokwisha, macho yalikuwa yamemwelekea Mama Ngalula.

"Munamuangalia nini?" Valérie alidakia. Alikuwa muuza samaki, mwembamba, mwenye ulimi mkali. "Mi nilisema mbele ya marché muzima kama nilikuwa na kifua kikuu. Mwaka moja samaki yangu ilikuliwa na mainzi. Huyu mama anakulisha batu! Anatia mu kopo, banatia mu kinywa! Mumuache na bouillie yake."

Alikuwa amesema kweli tupu. Mama Ngalula alitazama mikono yake, mikono iliyosomesha watoto wanne kwa mwiko mmoja. Kisha akavuta kisanduku, akakifungua.

"Tata Lukusa," alisema, "nionyeshe tena kadi banaijaza namna gani."

*

Ijumaa Mechack alikuja ameshikwa kwapani na rafiki yake Mulumba, mcheshi wa shimo lile. Wanaume walikuwa wamepanga mstari ng'ambo ya kamba, pakiti za maziwa mikononi, vikombe vya uji kwenye mchanga.

"PDG, huyu hatashuka," Mulumba alisema. "Usiku muzima alikuwa anakohoa damu."

Tshiamala alimtazama Mechack. Hakuwa na hasira. Alikuwa na shimo. "Bon. Arudie kwao Dilolo. Mama yake atamuangalia. Mi siwezi kuweka mutu wa damu mu shimo yangu."

Hapo Mama Ngalula aliweka mwiko chini. Aliitembea njia ile fupi mpaka kamba ikamgusa kiuno, akasimama. Kitambaa chake cha kichwa alikuwa amekifunga kama siku ya misa.

"PDG Tshiamala. Ile damu si ya vumbi. Ni kifua kikuu, na maziwa haiwezi. Mi najua, sababu nilikuwa nayo."

Mahali fulani mashine ya kupulizia hewa ilikuwa ikinguruma. Kisha mtu mmoja nyuma alitema uji, na mwingine akamimina wake chini polepole, akiona haya lakini akimimina.

"Lubudi," Mulumba alisema, akili ikimfikia. "Ile mihogo!"

"Mihogo nilikula pia," alisema Mama Ngalula. "Nilikunywa dawa miezi sita, sikuruka hata siku moja. Nilipona. Kadi iko kwangu, na cachet yake, muhuri wa centre."

"Na umetunywesha mu hizi kopo miaka yote!" mtu alipaza sauti.

"Nimekunywesha. Nani alikufa? Wewe Mulumba, mbele ufike hapa ulikuwa kama mufupa. Angalia hiyo tumbo."

Wawili watatu walicheka bila kutaka. Tshiamala hakucheka. Aliokota kikombe chake na kukimwaga, na uji ulitambaa kwenye vumbi mpaka karibu na miguu ya mama.

"Toka na sufuria yako," alisema.

Sauti ya Mama Ngalula haikutikisika. Alikuwa ameitayarisha tangu jana, akiikanda pamoja na unga.

"Nitatoka. Lakini usikie kwanza. Hii ugonjwa haipitie mu kopo. Inapita mu pumuzi, pale mupepo haiko. Mi niko hapa inje, na mupepo ya Mungu. Kule chini munakuwa wangapi? Munane, mu tundu moja, munavuta pumuzi ya Mechack tangu mwezi wa tatu. Utamutuma Dilolo. Na hawa saba, utabatuma wapi? Na wewe, unashukaka nao!"

Wanaume walianza kutazamana, kila mmoja akihesabu vikohozi vya jirani yake.

"Dawa iko ku meza yangu," aliendelea. "Docteur alikubali. Kila asubui, mbele ya kushuka, mutu anakunywa dawa na bouillie, naandika. Hawa wengine bapimwe tu: batie makohozi mu kichupa, tata Lukusa atapeleka. Mechack apumuzike kwanza. Akipata nguvu, umupatie kazi ya juu, ashone magunia, mpaka tata Lukusa aseme anaweza kushuka."

"Mwanamuke hapiti kamba," Tshiamala alisema.

"Sikuomba kupita. Miaka kumi na moja sijaomba."

Akageuka, akarudi kwenye meza, akaanza kuchovya vikombe kimoja kimoja katika maji ya moto, vile vilivyomwagwa na vile vilivyonywewa, sawasawa. Nyuma yake alisikia mburuto wa miguu. Hakutazama mpaka kivuli kilipoanguka mezani. Mechack alikuwa ameinama na kupita chini ya kamba, peke yake, Mulumba akimwangalia kutoka upande wa pili asijue afanye nini na mikono yake.

"Dawa iko ngapi, Mama?"

"Ine. Keti kwanza."

Alimeza mbele ya watu wote. Mama Ngalula alichukua kalamu na kuandika kwenye kadi, herufi kubwa kubwa, kama mtu anayetia saini hati ya nyumba yake.

*

Jumamosi alipika sufuria nzima. Binti yake alimwambia, "Mama, punguza, hawatakuya," naye akajibu kwamba tangu azaliwe hajapika nusu. Walikuja Mechack na Mulumba, na mchimbaji mmoja mzee. Uji uliobaki aliubeba kichwani kilomita nne kurudi nyumbani, wima, akiamkia kila aliyekutana naye kwa jina. Valérie alimwona akipita, akaacha samaki wake, akasogea na kopo.

"Tia," alisema. "Na usinitazame vile."

Jumatatu alipika tena sufuria nzima.

Wingu la mvua ya kwanza lilikuwa limelala juu ya vilima vya udongo wa migodi. Mechack alikuwa amekaa kwenye gunia, amekwisha meza vidonge vyake, akimlalamikia Mulumba juu ya rangi ya mkojo, na Mulumba akimwambia aufunge mu chupa auze. Wengine kama sita walisimama karibu na kamba, hawaji, hawaondoki. Ndipo Tshiamala alipotokea na mtalimbo begani.

Mama Ngalula aliuweka mkono juu ya mfuniko wa kisanduku.

Tshiamala hakumtazama. Alitia mtalimbo kwenye shina la nguzo ya kwanza, akaikongoa. Akaibeba, kamba ikimfuata kama mkia, akahesabu hatua kumi kuelekea kwenye mashimo, akaikita upya. Akarudi kuchukua ya pili. Alipomaliza, kibanda cha mabati ambamo wachimbaji hungojea zamu yao kilikuwa kimebaki upande huu.

"Mvua inakuya," alisema, akipangusa udongo viganjani. "Meza yako haina paa."

Vikombe kumi na viwili vilikuwa vimefudikizwa kwenye kitambaa, vikikauka. Tshiamala alichukua kimoja, akakigeuza juu, akamnyooshea. Alitaka kusema neno jingine. Badala yake alikohoa. Mara moja, fupi, akigeuza uso pembeni.

Mama Ngalula alisimamisha mwiko hewani, akasikiliza.

Kisha akamjazia kikombe mpaka mdomo wa buluu, akakiweka mbele yake, na kando ya kikombe akaweka kichupa kimoja kitupu, chenye mfuniko wake. Matone ya kwanza yalianza kupiga mabati.