Hodi Tatu za Muyinga

“Mi hapa mtaani Yoba hakuna mlango umewahi kunishinda,” Pili alimwambia jirani yake Anisia, huku akimnyooshea sindano. “Isipokuwa wa jikoni kwangu. Huo mvua ikinyesha unavimba. Juzi niliupiga teke, nao ukanirudishia.”

Anisia akacheka, akaipokea sindano, akatia uzi. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya Pili ya kila asubuhi. Zamani uzi ulitiwa na mdogo wake, Salima. Walishona pamoja chumba kimoja, Salima akikata, Pili akikanyaga cherehani, na midomo ikienda mbio kuliko gurudumu. Tangu Salima ahamie Muyinga kwa mwanawe Husni, kiti chake kilikaliwa na vitambaa. Siku nyingine Pili aliuchomoa uzi makusudi, apate sababu ya kutoka.

“Salima ananiambia wote wako Kibaraza,” akasema. “Shangazi, mabinamu, hata wale wa Buraza wasiosalimiana. Mi peke yangu ndiyo niko nje. Hiyo Kibaraza inaingiliwa wapi?”

Anisia alikulia Tanzania, akarudi Gitega mtu mzima; wenzake wa kule walitawanyika, na mtandao huo wa Kibaraza ndio uliowaweka pamoja. “Si nyumba moja, bibi. Ni nyumba nyingi, kila moja ina mwenyewe na sheria zake. Ukishakuwa ndani ya moja, unaongea na watu wa nyumba zote. Kazi ni kuchagua pa kuingilia. Hapo ndipo wageni wengi wanapochoka na kurudi. Njoo kwetu, nikuingize sasa hivi.”

“Nikakae kwa watu nisiowajua, na damu yangu iko Muyinga? Hapana, mama. Nionyeshe nyumba ya Husni.”

Anisia akamtafutia mlango wa Husni kwenye simu, akamwachia mwenyewe ajaze.

Pili akarudi kwake, akakaa karibu na dirisha. Mlango ulikuwa na visanduku viwili. Kimoja kiliuliza: *Wewe ni nani?* Akaandika anachojibu siku zote akiulizwa hivyo mlangoni kwa watu: *Mimi.* Cha pili kiliuliza: *Unataka kuingia kwa sababu gani?* Swali hilo lilimwudhi. Tangu lini mgeni akaulizwa sababu kabla ya kukaribishwa? Akaandika: *Hodi.*

Simu ikamwambia asubiri mwenye nyumba.

Akasubiri akipindua pindo la gauni la mtu. Akasubiri mpaka ugali ukapoa. Kesho yake akapiga hodi ya pili, na keshokutwa ya tatu. Hakuna aliyejibu. Na Pili alilelewa vizuri: hodi ni tatu. Zikiisha hujakaribishwa, unageuka, unaenda zako, wala hunung'uniki. Akaifunika simu kwa kitambaa kama anavyofunika cherehani. Hakunung'unika. Ila usiku ule alikula amesimama, maana kukaa mezani peke yake kulimshinda.

Salima alipopiga na kuuliza, “Dada, bado hujaingia tu?” Pili angesema nini? Kwamba ameachwa nje, mlangoni kwa mtoto aliyemfunga nepi?

“Nimeingia kitambo,” akasema. “Niko nyumba ya Gitega. Mi nasoma tu, siandiki.”

Uongo huo ulikuwa mdogo, lakini ulikula sana. Kuanzia hapo simu za Salima zikawa fupi. Pili akiuliza habari za harusi ya binamu, Salima anasema, “Si umeona picha?” Akiuliza hali ya shangazi, “Si nimeandika jana?” Na Pili anaitikia, “Ego, nimeona, amependeza,” kisha simu inakatwa na chumba kinabaki na vitambaa vyake. Shangazi, ikaja kujulikana, alikuwa amevunjika mguu.

Jumapili moja Salima akapiga. Pili akaweka simu juu ya meza ya cherehani, akafungua sauti ili aendelee kushona.

“Dada, si unajua hapa kwa Husni siku hizi mi ndiye bawabu? Wanaotaka kuingia nawaangalia mimi.”

Mguu wa Pili ukasimama juu ya kanyagio.

“Bon, kuna mtu ananinyima usingizi. Jina lake Mimi. Sababu yake Hodi. Alikuja mara tatu, akapotea. Sheria ya Husni, asiyejieleza haingii. Na mi nina vibonyezo viwili tu, kubali au kataa. Nikamwambia Husni, mlango gani huu, mtu anapiga hodi na huna pa kumwuliza nani? Atarudi kweli, huyo? Wangapi tumewaacha nje hivyo? Basi leo ameweka sehemu ya kumjibu mgeni.”

“Amefanya vizuri,” akasema Pili.

“Wee dada uko ndani siku nyingi. Huyo mtu anaweza kuwa nani?”

“Mi nitajua wapi? Labda mtu wa Ryansoro. Wale wana haya.”

“Ngoja nimjibu kwanza, tuendelee.” Akaandika. “Haya. Nimemwandikia: *Karibu. Nani mwenzangu?*”

Juu ya meza, simu ikalia *ting*.

“Dada, hicho kimelia nini?”

“Cherehani.”

“Yoo! Cherehani ya kukanyaga inalia ting?”

“Imezeeka.”

“Masikini. Basi acha nimkaribishe mgeni wangu tena.”

*Ting.*

Pili akaifunika simu kwa viganja viwili. Lakini kule Muyinga, Salima alikuwa ameshaanza kucheka, na katikati ya kicheko sauti ikamkatika.

“Dada,” akasema, “sasa nimwandikie mara ya tatu, au cherehani itajibu yenyewe?”