Kaburi la Nyanchama

Ijumaa filamu ilipofunguliwa, watu walioingia katika ukumbi wa Persis mjini Kisii hawakujaza hata benchi moja, na miongoni mwao alikuwamo mfagiaji. Walter Anyona, mwongozaji wa filamu yenyewe, alisimama mlangoni na koti jipya, akiitabasamia barabara. Wapita njia walilitazama bango lenye jina lake kwa herufi kubwa, kisha wakageuza shingo haraka kama mtu aliyemfumania mkwe wake bafuni.

"Labda ni mvua," Walter alisema.

"Mvua iko wapi?" Persis alimuuliza. Ukumbi ulikuwa wake, na ulimi wake haukuwa na kifuniko. "Jua linatoboa mabati, wewe unaniambia mvua. Dairekta, watu wamekukataa. Sema hivyo, mdomo wako hautapasuka."

Hapo zamani hawakumkataa. Filamu yake ya kwanza, *Mpaka wa Ndizi*, aliipiga kwa kamera ya kuazima, Kigusii kitupu, juu ya ndugu wawili wanaogombania mstari wa migomba. Watu walitoka Kenyenya, wakatoka Magwagwa, wakakaa sakafuni na wengine wakaning'inia madirishani. Wiki baada ya wiki ukumbi ulifurika, mpaka Nairobi nayo ikasikia. Basi kichwa kikamvimba. Ya pili, *Ghorofa ya Kumi na Moja*, aliifanya Nairobi kwa Kiingereza, matajiri wakilia juu ya makochi meupe, na akaenda redioni kusema kwamba watu wa kwao ni wazuri lakini sinema hawaijui. Filamu hiyo ilitolewa kwenye kumbi za Nairobi upesi, kama mlevi anavyotolewa harusini. Ilistahili.

Sasa alikuwa na ya tatu, *Mama Amekwenda*, na maji yalikuwa yamemfika shingoni. Lewis, mtu wa kampuni moja ya kusambaza filamu, alikuwa amekuja toka Nairobi kujionea mwenyewe. Maneno yake yalikuwa mafupi: ukumbi wa Kisii ujae, hata mara moja tu, kabla Jumapili haijaisha, naye ataipeleka filamu Nairobi, Kisumu na Mombasa. Usipojaa, Walter atafute kazi ya kupiga picha za harusi.

Walter hakuhitaji mpiga ramli. Alijua ni nani aliyemfungia watu: Mokua, kaka yake mkubwa.

Filamu ile ilikuwa ya mwana anayerudi nyumbani kumzika mama yake, ambaye yeye mwenyewe alimtelekeza. Walter aliipigia nyumbani kwao Magwagwa, katika boma la mama yake mzazi, Nyanchama, ambaye yu hai na meno yake mengi bado anayo. Kaburi alilichimbisha kweli, upande wa kushoto wa nyumba, palepale ambapo mwanamke wa Kisii hulazwa akifa. Alisema pale ndipo penye mwanga mzuri.

Mokua, mkulima wa chai na mzee wa kanisa, alimwambia jambo ambalo kila mtoto wa kule analijua. Kaburi halichimbwi bure. Likichimbwa na maiti hayupo, unakata mgomba, unaulaza ndani na kuuzika kama mtu, ndipo unafukia. Usipofanya hivyo, kaburi litabaki na njaa, na litamtafuta wa kulishibisha. Walter alilijua hilo tangu akiwa mtoto. Lakini watu wake wa Nairobi walikuwa wanasikiliza, naye alitaka kuwachekesha.

"Hili linakula picha tu," alisema. "Halili watu."

Wakacheka. Wakarudisha udongo mtupu, wakapakia mitambo, wakaenda zao. Nyanchama alikuwa dirishani, na birika aliyowapikia chai wageni bado ilikuwa mkononi mwake. Mokua ndiye aliyesema, tena mengi, na tangu siku ile ndugu hao wawili hawakujuliana hali.

Jumamosi Walter aliendesha gari hadi Magwagwa na kumngoja kaka yake nje ya kanisa la Wasabato. Alingoja ibada yote, nyimbo zote, na mahubiri ambayo kwa jinsi alivyokuwa na hasira aliona yalirefushwa makusudi ili kumkomoa. Mokua alipotoka, Biblia kwapani, Walter alimshika ukosi wa koti mbele ya waumini.

"Umenifungia ukumbi!"

"Leo ni Sabato, Walter. Toa mkono."

"Unanikaba koo halafu unaniambia Sabato? Umewaambia watu nini?"

Mokua aliutoa mkono ule kidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayejitoa kupe. "Sikia. Ningekuwa na uwezo wa kukufungia, ningekufungia tangu zamani. Sikupendi. Nalisema hili nikiwa nje ya nyumba ya Mungu, na yeye analijua tayari. Lakini si mimi."

"Ni nani basi?"

"Ni Mama."

Walter alicheka, akaona kwamba yuko peke yake katika kicheko hicho. Akina mama wa Dorkasi, chama cha wanawake wa kanisa, waliosimama na vitambaa vyao vyeupe, walikuwa wakimkodolea macho, na hakuna hata mmoja aliyeangalia chini.

"Alisimama mbele ya hawa," Mokua aliendelea. "Akasema: 'Atakayeingia kutazama picha ile amekuja matanga yangu. Amenilia, amenizika, amemaliza. Siku nitakayokufa kweli, asije.' Hayo tu. Hakuongeza hata amina."

Hayo tu yalitosha. Nyanchama alikuwa mkunga tangu barabara ya lami haijafika huko. Nusu ya watu wanaotembea kati ya Magwagwa na mji wa Kisii walipokewa na mikono yake walipokuwa wakitoka tumboni. Kumwambia mtu wa namna hiyo asifike kwenye maziko ya bibi yule ni kumwambia ajifiche maisha yake yote. Nani angeuza heshima hiyo kwa tiketi ya sinema?

"Nitamwona," Walter alisema.

"Nyumbani hayupo. Tangu mfukie lile shimo hajalala katika nyumba ile hata usiku mmoja. Yuko kwa Ruth, Nyansiongo." Mokua alijifuta ukosi wake. "Hukujua kwa sababu hukuuliza. Sasa ondoka, unawatia watu najisi."

Jumapili asubuhi Walter alimkuta mama yake uani kwa Ruth, dada yao, ameketi juu ya gunia akipukuchua mahindi. Ng'ombe wa maziwa walikuwa wakicheua nyuma yake. Alikuwa amekonda. Walter aliliona hilo, akalisukuma kando, kwa kuwa saa zilikuwa zinakimbia na Lewis alikuwa hotelini akijiandaa kurudi Nairobi.

"Bwakire, Mama," Walter alimwamkia.

"Buya mono," Nyanchama alijibu, na vidole vyake havikusimama.

"Mama, umeniua."

"Aliyemuua mwenzake ni nani? Nilikaa dirishani nikawaona mkipima. Yule mwanamke wa Nairobi alilala chini, mkampima urefu. Halafu wewe ukasema, 'Ongezeni kidogo, Mama ni mrefu kuliko huyu.'"

Walter alikumbuka. Alikuwa amesema hivyo. Alitaka kaburi liwe la kweli, na wakati ule lilimtoka kama neno la kazi tu.

"Nitauzika mgomba leo hii," alisema. "Twende nyumbani. Nipe panga niukate mwenyewe."

"Mgomba ungeuzika siku ile, nilipokuwa nakutazama. Leo utauzikia ukumbi wako."

"Basi unataka nini? Niambie unachotaka!"

"Likate kaburi langu kutoka kwenye picha hiyo," Nyanchama alisema. "Mwanamke afe. Watu walie, mwanawe agaragare, sijali. Lakini shimo langu lisionekane. Ukilikata, nampigia Mokua sasa hivi, na jioni watu watakanyagana mlangoni kwako. Ukitaka, mgomba tutauzika kesho, mimi na wewe."

Alisema bila ukali, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya Walter, imewekwa mbele yake kama chakula. Mwenye akili angeipokea kwa mikono miwili. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Walter aliwaza lile kaburi: kamera imeshushwa ndani, inatazama juu, na uso wa mwana unatokea ukingoni, udongo ukianguka kwenye kioo. Lewis alikuwa amekiona kipande hicho peke yake na kusema kwamba hicho ndicho kitakachouza. Katika maisha yake yote Walter hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile.

"Mama, hiyo ndiyo filamu yenyewe. Nikiiondoa sina kitu."

"Na mimi je?"

"Wewe uko hai!" Sauti ilimpanda hadi ng'ombe wakageuza vichwa. "Umekaa hapo unapukuchua mahindi! Ule ni udongo, Mama, ni udongo tu! Mnaniua kwa sababu ya shimo lililokwisha kufukiwa! Kijiji kizima mmenikalia kooni!"

Ruth alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kati yao. Nyanchama alimpa ishara arudi ndani. Alipuliza makapi kwenye kiganja chake, akazimwaga punje kwenye ungo.

"Basi nitakuja kuitazama," alisema. "Na watu nitawaalika mimi mwenyewe."

Walter alisikia hilo la watu tu. Alimbusu mama yake kichwani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni, akakimbilia gari kumpigia Persis simu. Alikuwa ameshinda. Njia nzima aliimba.

Alasiri ile walikuja. Walikuja akina mama wa Dorkasi kwa vitambaa vyao, wakaja wachuma chai, walimu, wauza duka, waliozaliwa mikononi mwa Nyanchama na watoto wao. Persis aliomba viti vya plastiki kwa majirani, vikajaa, watu wakasimama kando ya kuta. Lewis alitembea huku na huku akipiga picha kwa simu, meno yote nje. Lakini hapakuwa na kelele za watu waliokuja sinema. Hakuna aliyenunua njugu, wala aliyemwambia mwenzake asogee kwa utani. Nyanchama aliketi mbele kabisa, Mokua kuumeni, Ruth kushotoni. Walter alibaki nyuma karibu na mashine, akihesabu vichwa.

Taa zikazimwa. Filamu ilikwenda, mwana akarudi nyumbani, akachelewa, mama akawa amekwenda. Kisha likaja kaburi. Liliujaza ukuta mzima, jeusi, na juu yake kipande cha mbingu na uso wa mwana. Mwanamke mmoja alipiga yowe, wa pili akampokea, na mara ukumbi wote ukawa matanga. Wanaume wazima walijifunika nyuso kwa kofia. Walter hakuwahi kuona watazamaji wakilia hivyo, na Mungu amsamehe, aliwaza: nimefaulu.

Nyanchama alisimama. Udongo wa picha ulikuwa ukimwangukia mgongoni na mabegani. Akawageukia watu, vilio vikakatika.

"Mmeniona nikizikwa," alisema kwa Kigusii, kwa sauti ileile aliyotumia kuwaambia wanawake wasukume. "Nyinyi nyote nimewaalika mimi, kwa hiyo neno langu nawaondolea. Siku yangu ikifika njooni, mnilaze, mwimbe, mle." Kisha alitafuta kwa macho mpaka akampata aliyesimama nyuma. "Anyona, wewe sikukualika. Wewe ndiwe uliyechimba. Nilikuomba unitoe humo, ukakataa, basi kazi ya mwana kwa mama umeimaliza. Watakapokupigia simu kwamba nimekufa, baki ulipo. Udongo wa mkono wako nimekwisha kuupata."

Alijitanda shuka yake akatoka. Mokua na Ruth walimfuata, kisha benchi la kwanza, kisha la pili, mpaka waliokuwa ukutani. Hawakumtukana Walter walipompita. Waliupinda mwili kidogo tu, nguo zao zisimguse.

Alimwahi Mokua mlangoni. "Kaka, mwambie alirudishe hilo neno. Wewe ndiwe mkubwa wetu. Anakusikiliza."

"Nimwambie nini? Jana ulitaka ukumbi ujae." Mokua alimtazama, na safari hii hapakuwa na chuki usoni mwake, na hilo lilimtisha Walter kuliko chuki yenyewe. "Umejaa."

Akaenda kumfungulia mama yao mlango wa gari.

Ndani, filamu iliendelea kuongea na viti. Persis aliizima mashine bila kuambiwa. Lewis alikuja mbio akiruka mabenchi, Kigusii hajui hata salamu yake, macho yakimng'aa.

"Bro! Hiyo ilikuwa noma! Watu wamelia mpaka wameshindwa kukaa, wametoka nje! Sijawahi ona kitu kama hiyo. Nairobi tunafungua Ijumaa, hiyo nimemaliza." Alimshika Walter bega, akamtikisa. "Na yule shosho wa mbele alikuwa anasema nini?"

Nje, gari la Mokua liliwaka, likaondoka.

"Ameipenda," Walter alisema.