Kanga moja tu

Mu 1953 Malachie, karani ya biro ku Kamina, alikuwa na mambo mbili mu kichwa: kanga, ile ndege ya pori, na Ndaya. Kanga, juu muzungu ya biro alimutuma ahesabu bawindaji ba mukini moja, kijiji ya mu pori, na kanga yenye baliua tangu pori ilichomwa. Ndaya, juu alitaka kumuoa, na baba yake, Tata Kisimba, njo muwindaji wa kule.

Ananyonga kinga yake, ile baiskeli, anafika.

"Tata, uliua kanga ngapi?"

"Moja."

Kwa Tata Kalenga, jirani: "Moja tu, mwana."

Bantu makumi tatu, kanga makumi tatu! Malachie, mutoto wa mu ville, wa masomo ya ba Méthodiste ku mji, angejua wapi? Mu ile mukini muwindaji hasemake hesabu yake: kanga ya kesho itasikia, itahamia Bukama.

Muzungu akasoma, akakunja uso. "Mwaka jana bawindaji makumi mbili, kanga mia tano. Sasa bawindaji baliongezeka, kanga zinaisha! Kazi-moja, siku ya kuanza kazi, nafunga uwindaji."

Karani ya mwaka jana alikuwa muwindaji. Ule alijua kuuliza.

Tata Kisimba akapata habari. "Weye unatufungia pori, kisha unataka mutoto yangu? Utamulisha nini, karatasi?"

Malachie karibu alie. Ndaya anacheka mpaka anashika tumbo. "Masomo yote ile! Usiulize muntu hesabu yake. Uliza ya jirani."

Eh! Akarudilia nyumba kwa nyumba.

"Kisimba?" Tata Kalenga akaruka. "Makumi ine! Na ingine alificha!"

"Kalenga?" Tata Kisimba naye. "Makumi tano, na hata bawa moja hakutupatia!"

Jumla: elfu moja na mia mbili.

"Bongo, unanidanganya," muzungu akasema. Siku ya posho, mbele ya Kazi-moja, akakuja yeye mwenyewe, Malachie nyuma. "Kisimba, uliua ngapi?"

"Moja, Bwana."

Malachie akafunga macho. Pori ilikwisha, na Ndaya pamoja.

Njo Mama Mbuyu, bibi ya Kisimba, mama ya Ndaya, akatoka mu nyumba, anakokota matela kubwa, godoro ya kulalia, manyoya ya madoadoa inatokea mu mushono.

"Moja? Ile matela ya ndoa ya Ndaya, kanga moja njo ilijaza?"

Muzungu akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kufunga pori, akaacha.

Malachie ye alibakia na neno moja. "Ya ndoa? Tata… kumbe ulikubali?"

Tata Kisimba akaangalia pembeni. "Maulizo mingi! Shika matela kule, weye. Iko nzito."