Sahihi ya Mpima Muda Mkuu

Mashindano ya klabu ya kuogelea yalihitaji watu ishirini na wanne wa kujitolea. Asubuhi ile walikuja kumi na mmoja. Fundi saa mstaafu, ambaye klabu nzima ilimwita Babu Saa, aliwahesabu mara mbili, damu ikamchemka. Kwenye mabenchi wazazi walikuwa wamejaa kama siafu, kila mmoja na simu yake, na binti yake wa kumzaa katikati yao.

"Mwanangu, njoo ushike saa."

"Baba, leo nimekuja kumtazama mtoto."

"Miaka sita unamtazama. Hujamaliza tu?"

Watu wakacheka. Babu Saa hakucheka.

Ikabidi awanyanyue wazazi kumi na watatu kwa lazima; dereva wa lori na mama mshona nguo akawapanga njia ya nne pamoja na mwalimu mmoja mzoefu. Kila njia hupimwa na watu watatu, na muda wa katikati ndio unaoandikwa.

"Taa ya kuanzia ikiwaka, bonyezeni," aliwaambia. "Msingoje honi, msingoje kitu kingine. Macho kwenye taa."

"Ndiyo, mzee," wakajibu, kwa ile sauti ya kumkubalia mlevi ili apite.

Mbio za mita hamsini zilipofika, mjukuu wake akapanda jukwaa la njia ya nne. Ili aende mashindano ya taifa alitakiwa kuogelea chini ya sekunde thelathini na mbili na nusu. Mwaka mzima alikuwa akiingia bwawani kabla jua halijachomoza. Babu Saa alisimama mahali pake pa mpima muda mkuu, na saa ya akiba mkononi. Hiyo humpima mshindi, lakini haihesabiwi ila moja ya zile tatu ikiharibika.

Taa ikawaka. Msichana akawa wa kwanza kugusa ukuta wa mwisho.

Saa ya akiba ilisema thelathini na tatu nukta moja. Ya mwalimu vivyo hivyo. Ya mshona nguo, thelathini na mbili nukta moja. Ya dereva, thelathini na mbili nukta mbili.

"Katikati ni thelathini na mbili nukta mbili!" katibu wa klabu akapaza sauti. "Amefuzu!"

Mabenchi yakalipuka kwa vigelegele. Babu Saa akamwendea dereva.

"Ulibonyeza lini?"

"Alipogusa maji, mzee. Si ndipo anapoanza kuogelea? Kule juu alikuwa bado anaruka."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nilimtazama kaka huyu. Alionekana anajua."

Katibu akaleta karatasi. "Saini, mzee, tuendelee. Kanuni ni muda wa katikati, na wawili wamekubaliana."

"Wamekubaliana kukosea."

"Ni mjukuu wako, jamani! Miaka minne klabu hii haijapeleka mtu taifa."

"Na miaka minne nawaomba wazazi wajifunze kushika saa. Wanaona kazi hii ni ya wazee wasio na shughuli!"

Akazifuta zile saa mbili, akaacha ya mwalimu, akaandika thelathini na tatu nukta moja, akatia sahihi kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi.

Binti yake alishuka mabenchi mbiombio. "Baba, umemkata mtoto wangu miguu!"

"Waliomkata wamekaa pale. Na wewe ulikuwa umekaa nao."

Msichana alikuja nyuma ya mama yake, taulo mabegani, maji yakimchuruzika. "Babu, saa yako inasema ngapi?"

Akamwambia.

"Kwa hiyo sijafuzu."

"Hujafuzu."

"Usiniseme leo, Babu. Tafadhali usiniseme." Akaenda chumba cha kubadilishia nguo, na mlango ukabamizwa. Babu Saa alitaka kumfuata. Lakini mbio zilizofuata zilikuwa tayari, watoto wanane wanatetemeka kwa baridi, na dereva alikwisha kuitupa saa kitini.

"Kazi ya bure, halafu nisimangwe!" alisema, akaondoka.

"Njia ya nne haina mtu wa tatu," katibu akatangaza. "Hatuwezi kuanza."

Kwenye mabenchi kila mtu akaona kitu cha kutazama kwenye simu yake. Babu Saa akafumbua mdomo awatukane, mara binti yake akainyakua saa pale kitini.

"Taa, siyo honi," Babu Saa akamwambia.

"Nilisikia mara ya kwanza! Mimi si kiziwi."

Akasimama ukingoni, machozi ya hasira hayajakauka, kidole juu ya kitufe, wala hakupepesa macho. Mbio zilipokwisha, saa tatu za njia ya nne zilipishana kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu. Babu Saa aliandika muda wa katikati bila kumshukuru, naye hakungoja kushukuriwa. Aliirudisha saa yake kwenye sufuri na kuikazia macho taa.