Aachwe

Saa nane kamili mchana Mama Kufuli alipokea funguo sitini na mbili kutoka kwa askari wa zamu ya asubuhi. Alizihesabu mara mbili kwa sababu hakumwamini yule askari, kisha mara ya tatu kwa sababu alikuwa hajala, na mwenye njaa huhesabu vibaya. Alizitundika ubaoni, akafuta meza kwa kitambaa, akatia sahihi. Saa tisa na dakika ishirini mlango wa chumba namba tisa ukafunguka wenyewe.

Ilikuwa siku ya kumi na saba mfululizo.

Siku ya kwanza walibadilisha kufuli. Siku ya tatu walibadilisha kitasa. Siku ya sita aliletwa fundi wa kuchomelea, akauchomelea mlango juu, chini na katikati, akaugonga kwa nyundo, akasema huu sasa ni ukuta. Ulikuwa ukuta mpaka saa tisa na dakika kumi na tisa. Ilipotimia ishirini, chuma cha kuchomelea kilidondoka sakafuni kama ganda la kidonda kilichopona, na mlango ukafunguka taratibu, bila kelele, kama unaofunguliwa na mtu mwenye adabu.

Wiki ya pili ulifuata mlango wa korido. Kisha ule wa uwanjani, na mwisho lango kuu. Ilifunguka mmoja baada ya mwingine, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, ikakaa wazi dakika nne, halafu ikajirudi. Katika dakika hizo nne, mtu aliyekaa kwenye kitanda cha chumba namba tisa aliona moja kwa moja mpaka barabarani, ng'ambo, kwenye kibanda cha fotokopi.

Gereza lilirekebisha ratiba. Kuanzia saa tisa na robo hadi saa tisa na nusu kila mlango uliwekewa askari mwenye bunduki, na wale ambao mapumziko yao yaliangukia hapo walinung'unika. Mfungwa mmoja waliyemwita Mapengo alijaribu bahati yake. Aliutoka mstari wa karakana, akaingia korido na kutembea kuelekea langoni dakika zote nne, mikono ikipunga. Milango ilipofungwa alikuwa palepale alipoanzia, na soli za ndala zake zimeisha.

"Si yangu hiyo," alisema, akarudi kushona magunia.

Wakati huo gereza lilikuwa na Mkuu mpya, mtu wa semina. Alikuwa ameleta mfumo wa kisasa. Selo ziliitwa vyumba, wafungwa waliitwa wakazi, na kila mkazi alivaa kadi ya kijani, ya njano au nyekundu kulingana na alivyoaminika wiki hiyo. Msingi wa mfumo mzima ulikuwa kuaminiana. Ili kupima kama watu wanaaminiana, Mkuu aliweka sanduku la maoni ambamo kila mtu, askari kwa mkazi, angeandika kwa siri jina la mtu asiyemwamini. Sanduku lilijaa kwa siku mbili. Karatasi nyingi zilikuwa na jina moja, Mama Kufuli, maana ndiye sajini wa funguo, na mlango unapofunguka watu humtazama mwenye funguo.

Mkuu alimwita.

"Mama, kaa."

"Nimezoea kusimama, afande."

"Kwenye mfumo mpya tunakaa."

Akakaa.

"Funguo ziko kwako."

"Ziko ubaoni. Zote."

"Na mlango unafunguka."

"Unafunguka bila ufunguo. Afande, mimi nina miaka ishirini na moja hapa na watoto watatu. Kama ningekuwa nauza milango ningeuza wa yule mwenye magari, pale chumba cha nne. Ningeuza wa seremala aliyefungwa kwa mbao za watu?"

Mkuu aliandika kitu, akakifunika kwa kiganja.

"Una wiki moja. Niletee chanzo. Usipokileta, nitaandika kwamba chanzo ni wewe."

Kesho yake, saa tisa na dakika kumi na nane, Mama Kufuli aliingia chumba namba tisa na kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Seremala alikuwa kitandani, viganja juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mlango ulifunguka. Walisikia wa korido, wa uwanjani, kisha lango. Upepo wa barabarani ukaingia na harufu ya vumbi.

"Mlango uko wazi," alisema Mama Kufuli.

"Nauona, afande."

"Mbona hutoki?"

Seremala alimtazama kwa jicho la pembeni. "Kwani ninyi mnanionaje? Mmeanza na kadi za rangi. Mkaja na sanduku. Sasa milango. Nitie mguu nje, nipigwe risasi ya mgongo, muandike mtoro. Kamwambie Mkuu mtihani nimefaulu, anipe kadi ya kijani."

"Si mtihani."

"Hata mtihani ungesema hivyo."

Jibu hilo lilimpendeza Mama Kufuli, kwa kuwa ndivyo angejibu yeye mwenyewe. Milango ilipojirudi yote minne, akauliza, "Rufaa yako iliishaje?"

"Nani kakwambia imeisha? Naingoja." Akajikuna goti. "Siku ile hawakunipeleka mahakamani. Walisema siku hizi hukumu inasomwa kwenye kioo. Wakaniweka pale ofisini mbele ya kioo, jaji akasoma, akasoma, mimi nusu naelewa nusu sielewi. Mwisho akasema, 'Kwa hiyo mahakama hii inaamuru mrufani a—' na mdomo ukabaki hivyo, wazi. Mtandao umekatika. Wakaniambia karatasi itakuja."

"Saa ngapi ilikuwa?"

"Pembeni ya kioo paliandikwa saa tisa na dakika ishirini. Nilipatazama sana, maana hapakuwa na kingine cha kutazama. Jaji alikuwa amekwama."

Mama Kufuli alisimama, akairudisha ndoo mahali pake, akaenda kwa karani wa kumbukumbu.

Karani alikuwa mtu wa utani, lakini faili zake zilikuwa safi. Aliivuta ya Seremala bila kutafuta. Karatasi ya mahakama ilikuwa ndani, ya ukurasa mmoja, imepigwa chapa vizuri. Mstari wa mwisho ulisema: *Mrufani aachwe mara moja.* Juu yake paligongwa muhuri mwekundu, IMETEKELEZWA.

"Imetekelezwa vipi?" aliuliza Mama Kufuli.

"Kama ilivyoandikwa. Wamesema aachwe, tukamwacha. Alikuwa chumba namba tisa, tukamwacha chumba namba tisa. Na ni mara moja, siku ileile. Hatukumsogeza hata kitanda."

"Wewe, mkeo ukimwambia nimekuacha, atabaki kitandani?"

"Ah, mama, hapo ndipo penye kazi. Mke akiachwa huondoka. Lakini mzigo ukiachwa stendi hubaki stendi. Sasa huyu ni mke au ni mzigo? Karatasi haisemi."

"Ni aachiwe. Herufi moja imeanguka."

"Basi aliyeipokea angeiokota," alisema karani, akasogeza karatasi karibu na mwanga, kidole kikiwa chini ya muhuri.

Sahihi ilikuwa na mkia mrefu uliopinda kushoto. Mama Kufuli aliifahamu kabla hajaisoma. Siku hiyo alishika meza ya mapokezi kwa sababu mwenzake aliumwa jino. Zilikuja karatasi kumi na moja, na katikati yake shule ilipiga simu kwamba mwanawe wa mwisho ana homa. Aligonga mihuri kumi na moja huku simu iko begani. Alikuwa amesoma stashahada nzima ya uendeshaji wa magereza, na kwenye somo la kumbukumbu alipata alama za juu kuliko wote darasani.

"Faili huwa zinaliwa na mchwa," alisema karani, akitazama dari.

"Za kwako hazina mchwa."

"Wanaweza kuja."

Mama Kufuli hakujua kama karani anamwonea huruma au anamtega, na kwa kuwa hakujua, aliichukua karatasi mwenyewe na kuipeleka kwa Mkuu.

Mkuu aliisoma mara mbili.

"Neno hili lina maana mbili," alisema. "Gereza halina mamlaka ya kuchagua maana."

"Tuiulize mahakama."

"Tukiuliza, tumekiri kwamba tumemshikilia mtu huru siku thelathini na nane. Hili ni gereza la mfano, mama. Kwenye fomu ya gereza la mfano pana mstari unaouliza ni wangapi wameshikiliwa kimakosa, na sisi tumeandika hakuna. Halafu wa kwanza kuulizwa atakuwa mwenye sahihi."

"Sahihi ni yangu, afande. Sijaikana. Wewe andika."

Mkuu hakuandika. Aliandika Mama Kufuli, nyumbani, juu ya meza ya kulia, baada ya kuwafukuza watoto na madaftari yao. Alieleza yote, pamoja na simu ya shule. Barua hiyo akaipeleka mahakamani kwa mkono wake na kudai wamgongee muhuri kwenye nakala, kwa sababu kama kuna watu hakuwaamini hata kidogo ni watu wa mapokezi.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Lilikuwa fupi. *Amri husika ilitolewa ikiwa na masharti yake kamili na, kwa mujibu wa muhuri wenu, imekwisha kutekelezwa. Mahakama haitekelezi amri mara mbili, hasa amri iliyoagiza mara moja.* Jaji aliyeisoma hukumu alikuwa amehamishwa. Barua ilipigwa chapa na mpiga chapa yuleyule, na safari hii hakuna herufi iliyoanguka.

Pamoja nayo Mama Kufuli alipata barua ya onyo kwa kuandika bila kupitia kwa Mkuu. Aliikunja, akaiweka kwenye mfuko wa gwanda, akaenda moja kwa moja chumba namba tisa. Milango ilikuwa inafunguka.

"Uko huru," alimwambia Seremala. "Mahakama ilikuachia siku ile ya kioo. Kosa ni la karatasi, na la kwangu. Simama utoke."

Seremala hakusimama. "Nipe karatasi."

"Karatasi imekosewa."

"Unaona?" Seremala alicheka, kwa mara ya kwanza tangu afungwe. "Afande, wewe ni mama wa watu, sikuvunjii heshima. Lakini anayeniambia toka bila karatasi ndiye kesho atakayeniuliza nilitokaje."

"Nitatangulia mbele yako."

"Na askari wa langoni amepewa amri gani?"

Amri ya langoni ilikuwa kumfyatulia risasi yeyote atakayevuka bila hati. Mama Kufuli aliijua neno kwa neno, maana yeye ndiye aliyeibandika ukutani.

"Haya," alisema Seremala kwa upole. "Kaa basi, dakika bado zipo."

Akakaa kwenye ndoo. Wakatazama barabara. Ng'ambo, mbele ya kibanda cha fotokopi, alisimama mwanamke na mfuko wa sabuni na dawa ya meno. Siku ya wageni haikuwa leo. Alikuwa amekuja kutoa nakala ya kitambulisho. Aligeuka, akaona lango liko wazi, na baada ya lango mlango, na baada ya mlango mlango mwingine, na mwisho kabisa mumewe amekaa kitandani. Akaweka mfuko chini. Akapunga mkono. Seremala naye akapunga.

Kuanzia hapo mke wa Seremala alikuja kila siku. Askari wa lango walimshuku, wakaandika kwenye sanduku. Mkuu alisoma, akafikiri siku mbili, kisha akatoa waraka. Jambo lile sasa liliitwa Ziara ya Macho: dakika nne, bila kugusana, bila kusema, mgeni abaki ng'ambo ya barabara. Milango yenyewe iliitwa Milango ya Kuaminiana. Wakuu wa magereza mengine walikuja na madaftari, wakasimama koridoni ikifunguka mbele yao, wakapiga makofi. Mmoja aliuliza ni mafuta ya aina gani yanawekwa kwenye bawaba. Mwingine aliuliza huyu mkazi amefunzwa vipi hata asitoroke, na Mkuu akajibu kwamba ni suala la kumjengea mtu uwajibikaji. Seremala alipewa kadi ya kijani. Kwenye ripoti, mbele ya neno chanzo, Mkuu aliandika: mfumo. Tuhuma za Mama Kufuli zikafutwa, na akahamishiwa lango kuu, kusimamia zile dakika nne.

Aliandika barua nyingine tano. Zote zilijibiwa kwa kurejea jibu la kwanza.

Mwaka wa tatu, alasiri moja ya jua kali, mke wa Seremala alivuka barabara, jambo ambalo waraka ulikataza, akaja akasimama ubavuni kwa Mama Kufuli. Askari wa lango alitazama kwingine.

"Dada, nisaidie macho. Yangu siku hizi hayafiki. Amekaa au amesimama?"

Mama Kufuli aligeuka, akatazama mlango hadi mlango.

"Amekaa."

"Mkono wa kushoto uko wapi?"

"Juu ya goti. Anajikuna."

Mwanamke alipumua. "Basi ndiye. Nilianza kushuku wamenibadilishia, wameniwekea mwingine."

"Ndiye," alisema Mama Kufuli. "Ni yeye yule."

Dakika ya nne ilitimia. Lango lilianza kujirudi, bila haraka, na wanawake wote wawili wakarudi nyuma hatua moja ili lisiwaguse.