Tumbo Lililopongezwa

Wa kwanza kumpongeza alikuwa mlinzi wa getini. Asubuhi hiyo alimfungulia mlango mdogo wa kiwanda cha mikate, akamtazama kuanzia usoni mpaka tumboni, akatabasamu kwa adabu ya mtu mzima, akasema, "Hongera, mama. Mungu hamtupi mja wake." Naye, kwa kuwa alikuwa amechelewa, na kwa kuwa kumweleza mwanamume wa getini habari za mfuko wa uzazi ni kazi nzito kuliko kubeba gunia la unga, akajibu, "Asante, baba." Neno likishatoka halina kamba ya kulivutia ndani.

Kiwandani walimwita Hamira. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika zamani. Yeye ndiye aliyepima hamira na chumvi za kila mkupuo wa unga, na mikate ikiumuka vizuri watu walisema Hamira yupo, ikikaa chini kama tofali waliuliza kama Hamira anaumwa.

Na kweli alikuwa anaumwa. Tangu alipovunja ungo, siku zake zilikuja kama bomba lililopasuka. Mama yake mzazi alimwambia, "Wanawake wa ukoo wetu ndivyo tulivyo, damu yetu nyingi. Jikaze." Akajikaza kisabuni. Alijifunza kuvaa mbilimbili, kulala juu ya taulo, kufunga sweta jeusi kiunoni juu ya koti jeupe la kazi hata wakati joto la tanuri linachoma nyusi. Alipokuwa mtu mzima mapigo ya moyo yalimwendea mbio kwa kupanda ngazi za kawaida tu, na akapata hamu ya ajabu ya kulamba unga mkavu na kutafuna barafu. Hakujua kwamba hiyo ni njaa ya mwili uliopungukiwa na damu. Alidhani ni tabia mbaya, akawa anajificha kama mwizi.

Aliolewa na fundi wa mafriji, mwanamume mpole asiyejua kupandisha sauti. Ndoa ilipokaa bila mtoto, watu wakaanza kuhesabu kwa macho, nao wawili wakaenda hospitali wenyewe, kimyakimya. Daktari alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Alimpitishia kile kifaa cha ultrasaundi tumboni, akatazama kioo kwa muda, kisha akawageuzia kioo nao waone.

"Hizi ni faibroidi," alisema. "Ni uvimbe unaoota kwenye nyama ya mfuko wa uzazi. Si saratani, na wala hukurogwa. Wanawake wengi sana wanao, wengine wanazeeka nao bila kujua. Wako unakusumbua kwa sababu ya mahali ulipokaa. Huu mmoja umeingia ndani, pale mimba inapotakiwa kujishikiza, na ndio unaokumwagisha damu hivi."

"Unatoka kwa dawa?" Hamira aliuliza.

"Zipo dawa za kupunguza damu, na zipo za kuusinyaza kwa muda. Lakini wako unataka kutolewa. Kwa sasa naweza kuutoa nikakuachia mfuko wako. Ukikua zaidi, sitakuahidi hivyo."

Walitoka nje, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta. Mume ndiye aliyesema kwanza.

"Tusubiri kidogo, mke wangu. Nikiwaambia nyumbani, watasema nimeoa mgonjwa. Kisu nacho si kitu cha kukimbilia. Pengine mtoto atautangulia uvimbe."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na woga wa mtu mpole ni mgumu kuutambua kwa sababu unavaa nguo za subira. Hamira naye alikiogopa kisu. Basi wakasubiri. Walinunua mitishamba ya chupa, chungu kama nyongo, wakabadilisha muuzaji mara kadhaa. Uvimbe haukujua kusubiri. Tumbo likapanda, gumu kama mpira uliojazwa upepo, likambana kibofu hata akawa haendi kokote bila kuuliza kwanza choo kiko wapi. Mgongo ukawa hauna raha, akikaa au akisimama.

Pale kiwandani, baada ya yule mlinzi, habari ikaenea yenyewe. Mkandaji wa unga, mwanamke mnene wa vichekesho waliyemwita Jeshi, alimpiga begani akasema, "Kumbe hamira nyingine ulikuwa unapeleka nyumbani." Wote wakacheka, na Hamira akacheka nao. Wiki haikuisha wifi yake akakutana naye dukani. Hakuuliza. Aliliona tumbo, akamkumbatia, na alipofika kwake akampigia mama yake simu.

Mama mkwe alifika na mkoba mkubwa. Tangu ndoa, bibi huyu alikuwa akimsemesha Hamira kwa kupitia watu. "Mwambie mkeo chai imepoa." "Muulize huyo kama taa ya nje imezimwa." Safari hii aliuweka mkoba mezani, akatoa kimoja kimoja vilivyokuwamo: sweta ndogo za sufu, kofia, soksi za kuingia kidole gumba tu, vyote alivifuma kwa mkono wake. Kisha akapiga magoti, mwanamke mzima yule, akamvua Hamira viatu.

"Miguu imekuvimba, mwanangu," alisema. "Kaa, nikukande."

Hamira hakuwa ameitwa mwanangu katika nyumba ile hata siku moja. Alifungua kinywa kusema kweli, akakifunga. Akakaa. Akakandwa.

Bibi alipokwenda kuoga, Hamira aliwahi jikoni, akamshika mume mkono.

"Mwambie mama yako."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Acha afurahi kidogo. Hujaona uso wake? Nitamwambia mwenyewe, niachie mimi."

Hakumwambia leo, wala kesho yake. Na haifai kusema kwamba Hamira aliteseka tu siku zile. Alikuwa akirudi kutoka kazini anakuta maji ya moto yameshawekwa, kitanda kimetandikwa, chakula kimefunikwa sahani juu. Mkwe wake alimsimulia uchungu wa kuwazaa wanawe, akamcheka anavyotembea, akamwita mama wa mjukuu. Hamira alijua kwamba anakula chakula cha mtu mwingine, mtu ambaye hayupo wala hatakuwepo, lakini njaa yake ilikuwa ya miaka. Damu ilipokuja aliificha, akifua mataulo kwenye sinki la kiwandani kabla wenzake hawajaingia.

Kisha asubuhi moja, Hamira akijiandaa kwenda kazini, bibi akasema, "Kesho nakusindikiza kliniki. Nataka nimsikie mjukuu wangu moyo unavyopiga."

Hapo hapakuwa tena na pa kukimbilia. Maji yalikuwa yamezidi unga. Hamira aliazimia kwamba akirudi kutoka kazini jioni atamketisha mkwe wake, amweleze mwanzo mpaka mwisho, mume apende asipende. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno.

Hakuyafikisha nyumbani. Asubuhi hiyo aliinama kuinua beseni la chumvi, akahisi kitu cha moto kikishuka miguuni, kizito, hakikatiki. Akasikia ngurumo ya mashine ikienda mbali, kama lori linalopanda mlima. Alipofumbua macho alikuwa sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya Jeshi, na unga uliomwagika pale chini ulikuwa umegeuka mwekundu.  Jeshi alikuwa amevua koti lake na kumkandamiza nalo.

Hospitali walimkuta daktari yuleyule. Alimfunua jicho kwa kidole, akaona weupe mtupu.

"Nilikungoja urudi," alisema, bila ukali. "Mbona ulikawia hivi?"

 Wenzake wa kiwandani walijipanga kutoa damu, Jeshi akiwa mbele. Mume akafika akitweta, na mama yake nyuma yake, mkoba wa nguo za mtoto mkononi kwa maana aliambiwa tu kwamba mkwewe amekimbizwa hospitali. Wakati huo daktari alikuwa ameinama masikioni mwa mgonjwa.

"Lazima nikufungue sasa. Na mfuko sitaweza kuuacha."

"Jaribu," Hamira alinong'ona.

"Nikijaribu utafia mezani. Nakuambia kweli."

Akatia saini. Ile saini ilikuwa kama ya mtoto anayejifunza kuandika.

Wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, wakasimama kungoja ufunguliwe. Bibi akamshika nesi mkono.

"Mjukuu wangu je? Mtoto mtamwokoa?"

"Mtoto yupi, mama?" nesi alisema. "Huyu ana uvimbe kwenye kizazi. Hakuna mimba hapa."

 Bibi akamtazama Hamira, akalitazama tumbo, kisha akamgeukia mwanawe.

"Ulijua?"

Mume aliangalia vigae vya sakafu. Hamira, akiwa chali pale, alimtazama kidevu kutoka chini. Alingoja. Katika maisha yake hakuwahi kulingoja neno kama alivyolingoja lile.

"Hakuniambia vizuri, mama," alisema mume.

Mlango ukafunguliwa, wakamwingiza.

Alipozinduka tumbo lilikuwa bapa chini ya bandeji. Bibi alikuja kumwona mara moja. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani.

"Nilikukanda miguu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa mikono yangu hii."

"Ndiyo, mama."

"Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umenificha, na mimi umeniacha uchi mbele za watu. Wote nimekwisha kuwatangazia."

Hamira angeweza kusema, muulize mwanao. Maneno alikuwa nayo. Lakini aliona kwamba bibi huyu amepoteza mjukuu, na kwamba mjukuu asiyekuwepo hana kaburi la kuliliwa. Akimvunjia na imani kwa mwanawe, atabaki na nani? Akasema tu, "Nisamehe, mama." Bibi akaondoka na mkoba wake.

Aliyemuuguza wodini alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, msichana aliyeposwa karibuni. Siku moja akimchana nywele alisema, kama anayesema habari za mvua, "Dada, hata mimi siku zangu huja hivyo hivyo. Mpaka mabonge ya damu."

Hamira alimshika kifundo cha mkono. "Nenda kapimwe. Daktari yupo ghorofa hii hii, nenda sasa."

"Baada ya harusi, dada. Wakwe wakisikia sasa, si wataniacha? Na mama kasema ndivyo tulivyo."

Alizungumza naye mpaka pumzi ikamwishia. Msichana aliitikia kila neno kwa heshima, akamaliza kumsuka, akaenda nyumbani kushughulikia shela.

Kabla hajaruhusiwa kutoka, Hamira alimuuliza daktari lile swali ambalo alikuwa akilizunguka. "Ningekuja ule wakati, ningezaa?"

Daktari alivuta kiti. "Sijui. Labda. Wengine huzaa, wengine hawazai. Ninachojua ni kwamba ungekuwa na nafasi." Kisha akaongeza, "Damu haitakusumbua tena. Utakuwa na nguvu ambazo hujawahi kuwa nazo."

Hilo lilikuwa kweli. Miezi ikapita, mashavu yakarudi, akawa anapanda ngazi za kiwandani bila kushika ukuta. Alivaa koti jeupe bila sweta. Jeshi alijaribu utani mmoja au wawili, akaona hauingii, akaacha. Nyumbani mume alikuwa bado mpole. Alianza kwenda kwa mama yake mwisho wa wiki, kumtuliza, kisha katikati ya wiki pia, kisha akawa anakuja kwake mwenyewe kama mgeni anayebisha hodi.

Jumapili moja mchana alikuja kuchukua sanduku la vifaa. Hamira alikuwa anaosha vyombo.

"Mama amenitafutia mtu," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Mimi sijakubali bado."

"Bado," Hamira alisema.

"Unajua mama alivyo. Sitaki kumtia presha."

"Najua."

Mume alingoja alaumiwe. Pengine angelaumiwa angepata pa kujitetea, na katika kujitetea angejisikia mtu. Hamira alikausha mikono, akamsogezea sanduku karibu na mguu.

"Ulimwambia kweli?" aliuliza. "Kwamba tulikwenda wote kwa daktari, tukaonyeshwa wote?"

Mume aliinua sanduku, akalihamishia mkono wa pili. "Itasaidia nini sasa?"

 Hamira alimsindikiza mpaka nje, kama adabu inavyotaka, akasimama hadi alipokata kona. Kisha akarudi ndani kumalizia vyombo. Havikuwa vingi.