Tanga Uani Nyakasanza

Tanga la merikebu niliyokuwa nikiichora kwenye kompyuta lilikuwa baya. Maji yalikuwa yamekubali, mawingu pia, hata kamba mtu angedhani anaweza kuzishika. Lakini tanga lilikaa kama bati. Mimi Anaclet, fundi cherehani wa mtaa wa Nyakasanza kwa miaka arobaini, niliyejifunza kompyuta kwenye masomo ya jioni nikiwa na miaka sitini na tatu, sikuweza kupeleka kitambaa cha namna hiyo kwenye maonyesho ya picha ya parokia.

Bahari sijaiona, ila upepo ni ule ule. Basi asubuhi nilifunga shuka jeupe kwenye mti mrefu uani, nikaliinua kwa kamba juu ya paa, nikalipiga picha kwa simu, kisha nikaingia ndani kuchora kwenye kompyuta. Nilifuata kivuli cha kila mkunjo. Kwa mara ya kwanza tanga lilijaa, nami nikaipiga picha merikebu nzima kwa simu.

Kilichonishtua ni ukimya. Mchi wa jirani yangu Émilienne ulikuwa umeacha kutwanga. Nikatoka. Mlango wake ulikuwa na kufuli. Ng'ambo ya njia, Kamate alikuwa akifunga godoro kwa kamba.

"Unahama?" nikamuuliza.

"Weye ndiye utatuambia, muzee. Si weye umepandisha kitambaa?"

Wakati wa vita ni mimi mwenyewe, mkubwa wa avenue, yaani wa njia yetu hii, niliyewafundisha: atakayesikia kwanza kwamba wapiganaji wanakuja apandishe kitambaa cheupe, na wengine wasiulize, waondoke. Miaka mitano ya kulala vizuri, nami nikasahau. Wao hawakusahau.

"Ile ni ya picha tu. Émilienne iko wapi?"

"Ameenda kwa malori ya kwenda Bogoro na batoto yake batatu. Anataka kuvuka ziwa."

Juzi tu vijana wenye bunduki walikuwa wamesimamisha lori kwenye barabara hiyo. Watu wawili hawakurudi.

Nilikwenda bila kofia, nikikimbia pale kifua kiliponiruhusu. Lori lilikuwa limejaa, mashine inanguruma. Émilienne alikuwa juu ya magunia, mtoto wake mdogo mapajani.

"Teremka, mama. Hakuna vita."

"Muzee, uliniambia nisiulize. Sikuuliza."

Nikamnyooshea simu. Akaona shuka, akaona merikebu. Aliangalia sana.

"Na kitambaa ingali juu?"

Nikageuka kutazama nilikotoka.

"Ingali juu, na weye unanifuata huku? Avenue nzima inaiangalia."

Dereva akapiga honi. Nilichukua simu, nikampigia Kamate: kata kamba, sasa hivi. Nikampa Émilienne asikilize mwenyewe.

"Imeanguka?" akauliza. "Wapi? Mu matope?" Akasubiri. "Muzuri."

Akanipa kwanza yule mtoto mdogo, halafu wengine, halafu godoro.

Njiani aliniuliza swali moja tu: watu wa ile merikebu wanakimbia nini. Nilimwambia hawakimbii, wanasafiri. Mchi wake haukuanza tena hadi jioni, na kila ulipotulia nilitoka kuangalia.

Picha niliyopeleka parokiani ina merikebu iliyosimama, matanga yote yamekunjwa na kufungwa. Padri Gustave alisema huenda upepo ulinishinda kuuchora.